Tani Tisa Nukta Saba

Sajini Nadia Bilyk aliiweka karatasi juu ya kaunta ya kituo cha mizani, akaigeuza imwelekee mzee aliyekaa upande wa pili. Ilikuwa ya rangi ya waridi. Ilikuwa imelowa ikakauka, na sasa ilikaa ndani ya mfuko wa plastiki wenye namba ya kielelezo.

"Huu ni mwandiko wako, Mzee Arvo?"

Arvo Kettunen alivaa miwani bila haraka. Alikuwa amepima malori katika machimbo haya ya kokoto kwa miaka ishirini na saba.

"Wangu."

"Nisomee."

"Sajini, kusoma unajua."

"Najua. Nataka nikusikie wewe ukisoma."

Mzee alikohoa. "Salmela. Tipa namba nne. Kokoto za barabara. Saa saba na dakika arobaini mchana. Jumla, tani tisa nukta saba."

"Basi?"

"Basi. Ndiyo yote yaliyoandikwa."

Siku ishirini zilikuwa zimepita tangu dereva Veikko Salmela aichukue karatasi hiyo, akaichomeka juu ya kioo cha mbele na kuondoka. Dakika kumi na mbili baadaye, daraja la Mto Makwa lilianguka naye. Wapiga mbizi waliutoa mwili wake siku ile ile. Kokoto alizobeba zilichukuliwa na mto, maana Aprili ndio mwezi theluji ya kaskazini mwa Ontario inapoyeyuka na kuteremka yote kwa pamoja. Hakuna mtu ambaye angeweza kuzipima tena. Kilichobaki kusema uzito wa mzigo ule ni karatasi hii peke yake.

Na karatasi ilisema vibaya. Tipa tupu ilikuwa na tani kumi. Ukiongeza tisa nukta saba, unapata karibu ishirini. Majira mengine daraja lile lilibeba hata tani ishirini na nne bila kulalamika, lakini ardhi inapoyeyuka barabara zote za huku hulegea, na halmashauri ya Lappela hutundika bango la msimu. Bango lilisema kumi na sita.

Daktari Pelletier, mchunguzi wa vifo wa wilaya, alikuwa na sentensi yake tayari: *Kifo kimetokana na uzembe wa dereva, aliyezidisha mzigo akijua.* Angeitia saini kesho, Ijumaa, saa nane mchana. Katika mji wa Lappela sentensi hiyo ilikuwa imeshatiwa saini zamani. Daraja lile ndilo lililounganisha pande mbili za mji, na sasa gari la wagonjwa lilitumia saa nzima na dakika kumi kuzunguka. Kwenye lango la mjane wa Salmela mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: TUKIUGUA TUKUITE WEWE?

Nadia hakuwa amekuja kumtetea mtu. Alikuja kwa sababu ya visanduku viwili vitupu.

"Karatasi hii ina visanduku vitatu," alisema. "Uzito wa gari na mzigo. Uzito wa gari tupu. Halafu jumla ya kokoto. Hapa umejaza cha mwisho tu."

"Nilikuwa na haraka."

"Nimeangalia nakala zako za Machi. Vyote vimejazwa, mpaka kilo ya mwisho."

"Machi kulikuwa na kazi kidogo."

"Kuanzia tarehe tatu Aprili, visanduku viwili vitupu kila karatasi. Haraka hiyo ilianza tarehe tatu?"

Arvo alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Nyuma yake, karibu na dirisha la mizani, palikuwa na ubao mdogo mweusi kama wa shule. Juu yake majina mawili yameandikwa kwa chaki, kila moja na namba. *Nurmi 4.9. Dubé 5.0.*

"Ule ubao ni wa nini?"

"Kumbukumbu zangu za kizee."

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Brent Lachance, meneja wa machimbo, aliingia na kofia ya usalama chini ya kwapa. Arvo aliinuka, akaegemea ubao, na aliporudi kukaa mkono wa sweta lake ulikuwa mweupe kwa chaki. Ubao ulikuwa mtupu.

"Sajini, umerudi tena!" Brent alisema. "Nikutafutie kabisa meza ya kudumu? Hesabu yenyewe ni ya darasa la tatu. Kumi na tisa nukta saba kwenye daraja la kumi na sita."

"Darasa la tatu walitufundisha kuonyesha njia, bwana Lachance, siyo jibu tu."

"Njia ni hii: Veikko alikuwa mkaidi. Alishaonywa kwa maandishi. Barua iko kwenye faili lake."

"Nimeisoma jana. Ilihusu turubai. Hakufunika mzigo, jiwe likavunja kioo cha gari la mwalimu."

"Ukaidi ni ukaidi tu."

"Msimu huu mnabeba nusu mzigo, sivyo?"

"Kama sheria inavyotaka. Kila gari."

"Isipokuwa lake."

"Isipokuwa lake, siku ile. Nani amkague kila dereva? Watu arobaini wanakula hapa, sajini. Mwache mzee afanye kazi yake."

Nje kipaza sauti kiliita tipa ya Nurmi. Arvo alivuta kitabu chake cha karatasi za waridi, lakini hakuandika. Alisubiri. Nadia alipoona kwamba hataandika chochote mbele yake, alichukua mfuko wake wa plastiki, akaomba sanduku la nakala za Machi na Aprili, akatoka.

Kwenye gari, kabla ya kuwasha injini, alihesabu. Wiki ya mwisho ya Machi, kabla ya nusu mzigo: karatasi sitini na moja, tani mia sita na kidogo. Wiki ya pili ya Aprili, ndani ya nusu mzigo: karatasi hamsini na nane. Tani karibu zile zile.

Alihesabu mara ya pili, kisha akaandika katika daftari lake: *Gari linabeba nusu. Kokoto haikupungua. Safari zilipaswa kuongezeka mara mbili. Karatasi hazikuongezeka. Kwa nini?*

Kulikuwa na majibu mawili. Labda kila dereva wa machimbo yale alikuwa akizidisha mzigo kila siku. Au kuna kitu mzee yule anakifanya kabla ya kuandika.

*

Kufika kwa Irja Salmela kulihitaji kurudi barabara kuu, kupita misitu ya misindano na maziwa yenye barafu ya kijivu, na kuushuka mji kutoka upande wa kaskazini. Nadia alifika saa sita na nusu. Rangi nyekundu langoni ilikuwa imesuguliwa ikabaki ya pinki.

Irja alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini, mikono ina mipasuko ya maji baridi. Hakumkaribisha kukaa. Wakabaki wamesimama jikoni.

"Mmesahau kuniuliza nini tena? Yule mwenzako aliandika mpaka rangi ya soksi zake."

"Siku ile mumeo alikula wapi mchana, mama?"

"Nilishasema. Hapa. Supu ya samaki na mkate mweusi wa nafaka ya rai. Akasema chumvi imezidi. Nikamwambia apike mwenyewe." Alifuta meza iliyokuwa safi. "Ndiyo maneno yetu ya mwisho. Andika na hayo, kama kuna nafasi."

"Hapa, katika nyumba hii?"

"Ana nyumba ngapi?"

Nadia aligeuka akatazama dirishani. Ghala, uwanja wa matope, barabara, na mbali kule, mti uliolalia mtoni pale daraja lilipokuwa. Machimbo yalikuwa ng'ambo.

"Alivuka daraja kuja kula," alisema polepole.

"Aruke?"

"Akavuka tena kurudi machimboni. Kisha akapakia, akapimwa saa saba na dakika arobaini, akavuka mara ya tatu."

"Ya tatu hakuvuka."

"Samahani, mama."

Irja alimwashiria kwa kichwa aendelee.

"Alipokuja kula, tipa ilikaa wapi?"

"Pale mbele ya ghala."

"Ilikuwa na mzigo?"

"Tupu. Bodi lilikuwa linachuruzika maji na matope, nikamwambia ananichafulia uwanja. Alikuwa ametoka kumwaga."

"Kumwaga wapi?"

"Makaburini, kanisani kwetu. Njia yao ilikuwa imegeuka uji."

Nadia alifungua daftari. Rekodi za machimbo zilionyesha karatasi moja tu kwa jina la Salmela siku ile. Moja, ya saa saba na dakika arobaini, ya kokoto zilizokuwa zinakwenda makaburini. Kwa mujibu wa machimbo, kabla ya hapo Veikko Salmela hakuwa amebeba hata kijiko.

"Mama Irja, mwenzangu ulimwambia hivi?"

"Nilimwambia alikula nyumbani. Akaandika, *alikula nyumbani*. Hakuuliza nyumbani ni upande gani wa mto." Alivuta kiti, sasa akakaa yeye. "Ni mtu wa mjini, yule. Mimi nilidhani kila mtu anajua."

*

Urho Niemi, mtunza makaburi, alikuwa anaokota matawi yaliyovunjwa na theluji. Alimwona askari akishuka garini, akanyoosha mgongo.

"Karibu. Siku hizi wageni wangu wengi ni wale wanaokuja moja kwa moja."

"Mimi nitaondoka, mzee. Una dakika chache?"

"Hapa dakika ndicho kitu tulicho nacho."

"Mwezi huu uliagiza kokoto?"

"Tani kumi, kama kila mwaka."

"Ulipata ngapi?"

"Nusu. Veikko alileta nusu ya kwanza saa tano asubuhi. Akasema, Urho, nakwenda kugombana na mke wangu juu ya supu, nikirudi nakuletea nusu ya pili." Aliangusha tawi moja kwenye toroli. "Nusu ya pili ikaishia mtoni."

Nadia alimtazama. "Siku ishirini, mzee. Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Polisi wako ng'ambo, na hakuna aliyekuja. Gazeti likasema alizidisha mzigo. Nikajua basi aliizidisha hiyo nusu ya pili. Ningebishana na mizani mimi?"

"Hukujua mizani ilisema nini?"

"Ilisema nini?"

"Tisa nukta saba."

Urho alikuwa mtu wa kuhesabu kwa vidole, na vidole vyake vilisogea kidogo ndani ya glavu.

"Hiyo ni oda yangu nzima," alisema. "Nusu zote mbili."

"Hiyo nusu ya kwanza iko wapi?"

"Umesimama juu yake."

Nadia alitazama chini. Njia kutoka langoni hadi kwenye safu mpya ya makaburi ilikuwa imetandazwa kokoto za kijivu, safi, zimesawazishwa kwa reki.

"Asubuhi ya maziko nilizitandaza mwenyewe," Urho alisema. "Kaburi tulilichimba kwa mashine, maana chini bado kuna barafu, lakini huku juu ni tope tupu. Sikutaka waliobeba jeneza wazame. Watu mia na hamsini walipita hapa nyuma yake. Wengine walikuwa wananong'ona kuhusu daraja huku wanatembea juu yake."

Kisha Nadia akaenda garini, akarudi na tepu ya kupimia.

"Nishikie ncha ile, mzee. Na umegusa kokoto hizi tangu siku ile? Umeongeza? Umetoa?"

"Nimechukua toroli moja tu, ile nyingine pale kando ya banda, sijaitumia. Hakuna mwingine anayegusa."

Urefu ulikuwa mita ishirini kamili, kutoka mwamba wa langoni hadi mpaka wa nyasi. Upana mita tatu. Kisha Nadia alipiga magoti, akachimba kwa beleshi dogo sehemu kumi na mbili, kila moja akipima kina cha kokoto hadi kufikia tope, na kila namba akaisoma kwa sauti huku Urho akiiandika upande wake. Sentimita nne. Sita. Tano. Tano. Nne na nusu. Walipogawanya, wastani ulikuwa sentimita tano. Mita tatu za ujazo, pamoja na zile za torolini.

"Sasa nahitaji mizani."

"Mizani ya machimbo?"

"Hiyo hapana. Yoyote nyingine."

Urho alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza. Alitoka bandani na mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia nyama ya kulungu, na ndoo ya lita kumi. Wakaijaza kokoto kavu kutoka kwenye toroli, wakaitundika kwenye tawi la msindano. Mshale ukasimama kwenye kumi na sita na robo tatu. Ndoo tupu ilikuwa robo tatu ya kilo.

"Kumi na sita," Nadia alisema. "Rudia wewe."

Wakarudia mara tatu. Kumi na sita, kumi na sita, kumi na sita kasoro kidogo.

Ndoo mia tatu za namna hiyo katika njia nzima. Tani nne nukta nane.

Nadia alikaa juu ya ukuta mfupi wa mawe na kuiandika hesabu yote, hatua kwa hatua. Ikiwa karatasi ilijumlisha safari mbili, basi kilichokuwa mgongoni mwa tipa pale darajani kilikuwa tisa nukta saba kutoa nne nukta nane. Nne nukta tisa. Gari na mzigo, kumi na nne nukta tisa. Hata akikosea kwa nusu tani, bado asingeifikia kumi na sita.

Lakini ule *ikiwa* ulikuwa mkubwa. Wakili yeyote angesema njia ile ilikuwa na kokoto za mwaka jana, na ndoo haikuwa mizani ya serikali. Alihitaji mtu aliyesimama dirishani siku ile na kuiona namba kwa macho yake, aitamke kabla hajaambiwa ni ngapi.

"Tia saini hapa, mzee," alimwambia Urho. "Na usimwambie mtu namba hii. Hata mchungaji."

"Hata Irja?"

"Hata Irja. Mpaka kesho."

*

Ijumaa saa mbili asubuhi, kabla ya tipa ya kwanza, Nadia aliingia kituo cha mizani akafunga mlango kwa ndani. Arvo alikuwa amekaa na koti bado mwilini. Ubao ulikuwa mtupu.

"Nitakueleza ninachojua," Nadia alisema, "kisha nitakuuliza swali moja. Msimu wa nusu mzigo, mteja anaagiza tani kumi. Dereva anaenda mara mbili. Nusu ya kwanza unaiandika kwa chaki pale. Nusu ya pili ikifika, unajumlisha, unaandika karatasi moja, unafuta chaki. Kwa hiyo wiki ya pili ya Aprili karatasi hamsini na nane zimetosha kwa safari mia na zaidi."

Arvo alifungua kifungo kimoja cha koti.

"Nimekosea wapi?"

"Hujakosea." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kushika kitu kizito. "Aliyekuwa hapa kabla yangu alifanya hivyo. Akanifundisha. Mteja ameagiza mzigo mmoja, hataki karatasi mbili, anadhani anaibiwa. Mkoa wanataka jumla ya mwaka. Halmashauri jumla ya mwezi. Kanisa linataka jumla ya oda. Kila mtu anataka jumla, sajini. Kwa miaka ishirini na saba hakuna aliyewahi kuniuliza imetoka wapi."

"Na jumla haikuwa ya uongo."

"Haikuwa ya uongo! Hata kilo moja sijawahi kumwibia mtu."

"Najua. Sasa swali langu. Siku ile asubuhi, nusu ya kwanza ya Salmela ilikuwa ngapi?"

"Hakuna karatasi."

"Sikuulizi karatasi."

Arvo aliutazama ubao. Nje mtu aliwasha kijiko cha kupakilia, injini ikakohoa na kuzima.

"Nne nukta nane," alisema. "Alikuja saa nne na nusu. Nikamwambia, Veikko, unadaiwa kilo mia mbili zifike tani tano. Akasema nitamlipa Urho kwa kahawa. Ya pili ikawa nne nukta tisa. Nikaijumlisha, nikampa ya waridi." Akapangusa uso kwa kiganja. "Namwona akiichomeka kwenye kioo."

Nadia alitoa daftari, akafungua ukurasa wa jana wenye saini ya Urho, akausukuma juu ya kaunta. Arvo aliusoma. Aliposhuka mpaka mstari wa mwisho alikiweka kidole juu ya namba na hakukiondoa.

"Mmeipimaje?"

"Kwa ndoo na mizani ya kulungu. Ulimwambia nani, Mzee Arvo?"

"Bosi. Siku ile ile jioni. Nikamwambia, ile siyo safari moja. Akasema kila safari inatakiwa karatasi yake, na wakaguzi wakigundua watatia muhuri mizani, na watu arobaini watakaa nyumbani. Akasema karatasi imeshasema, wewe nyamaza."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Amri ilikuwa yake. Kunyamaza kulikuwa kwangu." Alinyanyua macho. "Nilikwenda kwenye maziko. Nilimpa Irja mkono."

"Andika," Nadia alisema, akampa kalamu. "Kwa maneno yako. Na safari hii usijumlishe. Andika ya kwanza peke yake, na ya pili peke yake, na saa zake."

Mzee aliandika kurasa mbili.

Brent Lachance alikuta mlango umefunguliwa na utepe wa polisi umepita kwenye dirisha la mizani. Alisoma uso wa Arvo kabla ya kusoma chochote kingine.

"Unajua umefanya nini?" alimwambia Nadia. "Umewafungia kazi watu arobaini kwa ajili ya mtu ambaye ameshakufa."

"Mizani itafunguliwa siku mtakapoanza kuandika kila safari. Ni wino tu, bwana Lachance. Sasa chukua koti lako. Una maelezo ya kutoa kuhusu jioni ile, na utayatolea kituoni."

*

Daktari Pelletier alipokea simu saa tano. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, na Nadia akasikia kalamu ikikwaruza.

"Kumi na nne nukta tisa," daktari alisema. "Kwenye daraja lililoandikwa kumi na sita."

"Ndiyo."

"Basi kwa nini lilianguka?"

"Halmashauri haijaulizwa hilo kwa siku ishirini, daktari, kwa sababu sote tulikuwa tumeshapata jibu. Naomba wataalamu wa madaraja waje watazame nguzo kabla maji hayajashuka na mtu hajaanza kuzitengeneza."

"Wataondoka leo. Ile sentensi nimeifuta. Nikuandikie nini badala yake?"

"Andika tulichokipima tu."

Saa tisa na nusu Nadia alikuwa tena jikoni kwa Irja Salmela. Nakala ilikuwa ukurasa mmoja, na Irja hakutaka kuishika, akasema miwani yake imepotea. Kwa hiyo Nadia aliisoma kwa sauti, amesimama, kama mtu anayesoma mahakamani.

"*Marehemu alibeba kokoto tani nne nukta tisa. Uzito wa gari na mzigo ulikuwa chini ya kiwango kilichotangazwa darajani. Hakuna kosa lililoonekana kwa dereva. Chanzo cha kuanguka kwa daraja kinachunguzwa.*"

"Soma tena."

Akasoma tena.

"Ile ya hakuna kosa."

"*Hakuna kosa lililoonekana kwa dereva.*"

Irja aliitikia kwa kichwa kila neno, kama anayeyapokea moja moja. Kisha akamwuliza nani alijua, na Nadia akamwambia, kwa majina. Alipofika kwa Arvo, Irja aligeukia dirisha.

"Mtu wa mwisho kuongea naye," alisema. "Hata mimi nilikuwa wa kabla yake."

Mjane alivua aproni, akaikunja, akaitundika. Alichukua koti lake zuri kwenye msumari, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akatafuta kitambaa cha kichwa.

"Unaenda wapi, mama?"

"Posta. Wiki tatu sijachukua barua zangu. Ukiingia tu, wote wananyamaza." Alifungua mlango, akasimama kando kumpisha askari atangulie na ile karatasi. "Wanafunga saa kumi na moja. Ijumaa kila mtu yuko pale. Tukitoka sasa tutawakuta wote."